Keti, Mama, Tumekusikia

Nianze na viti, kwa maana viti ndivyo vilivyonipandisha mori kwanza. Viti vya plastiki, vyeupe, vimevalishwa vitambaa na kufungwa utepe mgongoni kama vinaolewa, vimepangwa chini ya hema kubwa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvikalia. Ni vya wageni, tuliambiwa. Wageni gani? Wageni wako njiani. Na watazamaji wetu, watu wa mji wa Wote waliotoka sokoni na majumbani kuja kutazama tamasha la maigizo, walisimama juani asubuhi nzima wakivitazama viti hivyo. Kama ulitaka kujua tamasha lile lilikuwa la nani, hukuhitaji kuuliza mtu. Ungetazama tu kivuli kiko wapi.

Mimi nilikuwa mwalimu. Nilifundisha shule ya upili kwa miaka mingi, na kila mwaka niliandaa michezo ya kuigiza ya wanafunzi, ile ya kumsifu kila aliyelipia basi. Watoto wanaimba jina la mfadhili, wanainama, wanapewa soda. Nikachoka. Nilipoacha kazi nilirudi nyumbani Kalamba nikaapa kwamba nitatengeneza mchezo mmoja kabla sijafa, mchezo usiomshukuru mtu yeyote.

Waigizaji niliwapata jirani tu. Kina mama wa mwethya. Mwethya ni lile kundi la kina mama wanaosaidiana kazi: leo tunachimba matuta katika shamba lako, wiki ijayo langu, mtu akifiwa sote tuko kwake na sufuria zetu. Wanaitwa kwa filimbi. Kiongozi wao, wa kazi na wa wimbo, ni mwanamke mrefu, mweusi, sauti yake inavuka bonde, na hiyo filimbi haimtoki shingoni. Akipuliza milio mifupi mifupi ya haraka, ni kazi au ni hatari, njooni na majembe. Akipuliza milio mirefu ya kupandapanda, ni ngoma. Na ngoma kwetu siku hizi ni ya wageni. Mheshimiwa akija kufungua bomba la maji, darasa, choo cha shule, choo jamani, kina mama hao huvaa sare wakangoja barabarani, wakampokea kwenye mlango wa gari, wakamchezea mpaka kwenye kiti chake. Halafu wao wanakaa juani. Nyanya yangu alifanya hivyo, mama yangu akafanya hivyo. Ishike hiyo filimbi, tutaihitaji.

Ndani ya kundi hilo alikuwamo mama mmoja ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama yetu. Mwanawe wa mwisho alikufa mtoni. Mito yetu, kwa asiyeijua, ni mito ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka huoni maji hata tone. Yamejificha chini, unachimba kisima kwa mikono na kibuyu ndipo uyapate. Mchanga ndio tangi letu. Lakini mchanga huo huo ndio unaojenga nyumba za ghorofa za watu wa mbali, kwa hiyo malori hayaishi kuja. Kijana wa Mwaitu alikuwa akipakia mchanga kwenye lori, ukingo wa mto ukamporomokea. Na lori liliondoka. Liliondoka limejaa. Wenzake wanapiga mayowe, yeye yuko chini ya udongo, na dereva anatia gia ili awahi barabarani kabla watu hawajafika. Filimbi ilipolia kina mama walikuja mbio, wakafukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Walimtoa akiwa ameshakufa.

Kwenye baraza la chifu Mwaitu alisimama akasimulia yote bila kutoa chozi. Mimi sikuwapo, nilikuwa bado nafundisha Sultan Hamud, lakini nimesimuliwa na wengi na wote wanasema yale yale. Alipofika mwisho akasema, "Sasa nauliza, lile lori lilikuwa..." Hakumaliza. Sauti ikatoka mbele, kwenye meza ya chifu: "Keti, mama, tumekusikia." Akaketi. Baraza likaendelea na habari ya mbegu za ndengu. Hakuna aliyefungua kinywa, na kila mtu pale alilijua lori lile, kwa sababu mwenyewe ni tajiri wa Wote, ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na magari yake yote yana mlango wenye jina lake kwa rangi ya buluu.

Nilipomwendea Mwaitu na wazo la mchezo, nilijitayarisha kumbembeleza. Hakutaka kubembelezwa. Alikuwa anapepeta pojo, hakuacha hata kupepeta. Aliuliza swali moja tu.

"Huko kwa mchezo, mtu anaweza kuambiwa akae kabla hajamaliza?"

"Hapana, Mwaitu. Mchezo ukianza hakuna wa kuusimamisha."

"Basi nitacheza. Mimi nataka kumaliza tu."

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa. Kila kitu kilichofuata nilikipima kwa ahadi hiyo.

Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa, alasiri, kazi za shamba zikiisha. Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi na hauna mapambo. Mwaitu anakaa mchangani anachota maji kwenye kisima, anazungumza na mwanawe ambaye hatumwoni, anamtania kuhusu viatu vyake, anamwambia arudi mapema. Kisha anasikia. Analia mara moja, kilio kile ambacho kila nikikisikia hata kwenye mazoezi nywele zilinisimama. Kiongozi anapuliza filimbi ya hatari, kina mama wanakuja mbio, wanafukua mchanga wa jukwaani, wanatoa shati. Shati tu. Mwaitu analichukua, anasimama, anawageukia watazamaji na kuuliza: lile lori lilikuwa la nani? Mwisho. Hakuna wimbo, hakuna kuinama.

Shati lilikuwa la mwanawe kweli. Nilimwambia tunaweza kutafuta jingine. Akaniambia, "Mwalimu, usinifundishe kazi hiyo."

Basi tukaenda Wote kuuonyesha mchezo mbele ya katibu wa tamasha. Kijana nadhifu, suti ya kubana, viatu vya kuchongoka, ndiye pia aliyekuwa mshereheshaji. Alitazama akiwa na simu mkononi. Mwishoni alipiga makofi.

"Mwalimu, hii ni kali. Mama anaigiza mpaka unafikiri ni ukweli. Lakini hii swali ya mwisho itoke."

"Itoke iende wapi?"

"Si unajua. Inaweza leta siasa. Mmalizie na wimbo wa kuhifadhi mazingira, watu wafurahi."

Nilimjibu kwamba wimbo wa mazingira akauimbe na mama yake. Sikupaswa kusema hivyo, lakini nilisema na sijutii. Ndipo tulipotolewa ukumbini. Ukumbi wenye jukwaa na taa ukabaki wa vikundi vyenye wafadhili, na sisi tukapelekwa pembeni, kwenye uwanja wa nyuma kati ya vyoo na maegesho. Pembeni ndilo jina lenyewe, liliandikwa kwenye bango: Maigizo ya Pembeni, Vikundi Huru. Huru! Tulikuwa huru kunusa vyoo.

Siku ya tamasha tuliondoka Kalamba kwa pikapu ya kukodi, kina mama nyuma pamoja na magunia machache ya mchanga wa mto wetu. Mwaitu alikataa mchanga mwingine. Njiani tukasimamishwa kwenye kizuizi. Kibali cha kusafirisha mchanga kiko wapi? Nikadhani ni utani. Mwanamume mzima, mwenye kofia ya serikali, anahesabu magunia ya kuigizia huku lori lililojaa mpaka juu, linachuruza maji ya mto barabarani, likipita polepole na dereva wake akimpungia mkono. Nilishuka nikamwuliza kama macho yake yanauma. Kina mama wakanivuta kwa sketi. Kiongozi wa wimbo ndiye aliyetuokoa, alimwimbia yule askari jina lake lililokuwa kifuani, akamsifu meno, akacheka, tukaachiliwa. Mimi nilinuna mpaka Wote.

Na tulipofika Pembeni tukamwaga mchanga wetu, Mwaitu akasimama akitazama upande wa maegesho. Nikafuata macho yake. Nyuma ya hema kubwa la wageni, lililopakana na mchanga wetu, kulikuwa na lori, mlango umeandikwa kwa rangi ya buluu.

"Hema ni lake," akasema. "Na hivyo viti."

Moyo ulinishuka, halafu hasira ikapanda pale pale ulipotoka. Nilimwendea katibu mbio. Nilimwuliza kama alijua. Akaniangalia kama mtu anayemwelewesha mtoto.

"Mwalimu, mfadhili ni mfadhili. Amepeana tent na viti na hakuuliza chochote. Ulitaka watu wakae wapi?"

"Watu wamesimama!"

"Watakaa wageni wakishakaa."

Nikarudi nikamwambia Mwaitu tupakie mchanga wetu twende nyumbani. Nilikuwa tayari, haki ya Mungu, ningeubeba kichwani. Alikuwa ameshavua viatu na kuingia mchangani, anachimba kisima chake.

"Mimi sikuja kukaa," akasema. "Anza."

Tukaanza. Na nisikilize vizuri, maana hasira isije ikanifanya nisahau kusema: ilikuwa nzuri. Watu waliosimama juani walisogea mmoja mmoja wakauzunguka mchanga wetu, wauza mboga, wanafunzi, wazee waliokuja mjini kwa shughuli zao, mpaka kukawa na ukuta wa watu. Mwaitu alimtania mwanawe kuhusu viatu wakacheka. Alimwambia arudi mapema, kicheko kikakatika. Walikuwa wanajua mto, walijua kinachokuja. Alipolia, mwanamke mmoja kwenye umati alijibu kwa kilio chake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Kiongozi akaleta filimbi mdomoni.

Ndipo honi zikalia langoni.

Magari ya mheshimiwa. Msururu mzima, taa zinawaka mchana kweupe, honi juu ya honi. Na yule kiongozi wetu, filimbi iko mdomoni, pumzi imeshajaa kifuani, akapuliza. Milio mirefu. Ya kupandapanda. Filimbi ya ngoma.

Kina mama wakatoka mbio. Lakini hawakuja mchangani. Walikimbilia langoni! Kwa mbio zile zile tulizofanyia mazoezi wiki nenda wiki rudi, na vigelegele juu, mabega yameshaanza kutetemeka kabla hawajafika. Umati ukapasuka ukawafuata. Katibu akanyakua kipaza sauti: "Mgeni wetu amefika! Tumkaribishe kwa shangwe! Kina mama, hapo hapo, wacha mheshimiwa aone!" Kufumba na kufumbua sikuwa na mchezo. Nilikuwa na uwanja, mchanga, na Mwaitu peke yake ndani yake, anafukua kwa mikono miwili kama tulivyopatana wafukue wote.

Nilimwita. Hakuinua kichwa. Aliendelea kufukua mpaka akalifikia shati, akaliacha pale pale, akakaa kando ya shimo na kibuyu mapajani. Akangoja.

Hotuba zikaanza. Maombi kwanza. Kisha kutambuliwa wageni, huyu asimame apunge, yule asimame apunge, na kila anayeshika kipaza sauti anasema itifaki imezingatiwa kisha anaizingatia upya tangu mwanzo. Viti vyeupe vilijaa hatimaye. Katibu akamshukuru aliyetoa hema na viti, na mwanamume mnene wa makamo akasimama safu ya pili, akavua kofia, akapigiwa makofi. Mwaitu alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Yule tajiri hajui hata sura ya mama huyu, nilifikiri. Alimwondoa mwanawe duniani, na akikutana naye njiani atamwomba ampishe.

Nilikwenda mbele kuomba kipaza sauti. Nilisema kwa adabu, naapa, ile mara ya kwanza. Mara ya pili sikuwa na adabu. Mlinzi akanishika mkono juu ya kiwiko, pale panapouma, na katibu akanikaripia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, heshima! Mgeni anaongea!"

Mheshimiwa alikuwa anaongea kweli, juu ya vipaji vya vijana na uchumi wa sanaa. Halafu macho yake yakamwona Mwaitu.

"Na huyu mama hapa kwa mchanga," akasema kwenye kipaza sauti, "naona amefurahi kuniona mpaka miguu imekataa kusimama!"

Wakacheka. Hema zima likacheka, yule wa safu ya pili akacheka mpaka akashika tumbo. "Mpatieni leso mama yangu!" Leso zilikuwa zinagawiwa, kanga mpya zenye picha yake katikati. Mmoja wa watu wake akaja akamrushia Mwaitu moja begani. Mwaitu hakuigusa. Iliteleza taratibu ikaangukia mchangani. Nilitaka kuvunja kitu. Nilitaka kuchukua kiti kimoja na utepe wake nikivunje juu ya meza ya wageni. Sikuvunja chochote, nilisimama tu nimeshikwa mkono, machozi yananitiririka, na anayeniona anadhani nimeguswa na hotuba.

Wakaondoka kama walivyokuja, kwa honi. Na umati ukaondoka nao, kwa sababu kulikuwa na leso zaidi langoni. Hapo hapo wapakiaji wakaanza kuvua vitambaa na kupanga viti juu ya viti. Lori likarudi kinyumenyume mpaka karibu na mchanga wetu, injini inanguruma, moshi unatupiga usoni.

Kina mama wakarudi. Walikuja polepole, wamejifunga leso kiunoni, uso wa mheshimiwa uko kwenye kila nyonga. Niliwasubiri. Niliwaambia maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika hapa.

"Mlimwacha!" nikawaambia. "Mbele ya watu wote mmemwacha peke yake akifukua!"

Kiongozi aliishika filimbi yake kama kitu kilichomchoma.

"Mwalimu, nilisikia honi nikapuliza. Sikufikiri. Mdomo ulipuliza wenyewe, na miguu ikaenda." Kisha akasema, wala hakuwa ananiambia mimi, "Hata kwa baraza tulimwacha."

Nilikuwa na mengine ya kusema. Mwaitu akanikatiza.

"Filimbi," akasema. Alikuwa bado ameketi pale pale.

Kiongozi akamtazama. Akaifungua leso kiunoni, akaitupa kando. Wengine nao wakazifungua. Akapuliza, safari hii milio mifupi mifupi ya haraka, na kina mama wakaingia mchangani kwa magoti wakafukua. Walifukua kama siku ile. Hapakuwa na watazamaji isipokuwa wauza mboga wachache waliorudi kuchukua vikapu vyao, wapakiaji, na dereva aliyetoa kichwa dirishani. Walilitoa shati. Mwaitu akalipokea, akalikung'uta, akasimama. Akageuka, na mbele yake hapakuwa na umati tena, palikuwa na lori.

"Sasa nauliza," akasema, lakini injini ilimmeza. Niliona midomo tu.

Akalitazama lile dirisha, akangoja, kama alivyowangojea wote siku ile nzima. Dereva akazima injini.

"Nauliza," Mwaitu akasema, "lile lori lilikuwa la nani?"

Mchezo wetu uliishia hapo. Hapakupaswa kuwa na jibu, mimi mwenyewe niliutengeneza hivyo, nikajisifu kwamba ndiyo sanaa. Lakini kiongozi wa wimbo, magoti bado yako mchangani, aliinua mkono akaonyesha mlango wenye rangi ya buluu. Akalitaja jina. Alilitaja kwa ile sauti yake inayovuka bonde. Kisha aliyekuwa kando yake akalitaja, kisha mwingine, na muuza mboga mmoja aliyesimama na kikapu chake naye akalitaja. Wapakiaji walisimama na viti mikononi, hakuna aliyejua avipeleke wapi.

Mwaitu alisikiliza mpaka wa mwisho akamaliza. Akalikunja shati, akaliweka begani.

"Nimemaliza," akasema. "Sasa nitaketi."

Akaenda kwenye rundo, akavuta kiti kimoja, akakaa. Dereva alingoja.